Mti, Kioo na Nyota: Mapambo ya Krismasi katika Nyumba za Wajerumani

Desturi ya kuisherehekea Krismasi sebuleni, mbele ya mti uliopambwa, huku watoto wakisubiri zawadi, si ya kale kama Krismasi yenyewe. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliadhimisha kuzaliwa kwa Kristo kanisani kwa ibada na mitaani kwa maigizo, nyimbo na vinywaji, na sehemu ya nyumba ilikuwa hasa chakula kizuri kuliko cha siku nyingine. Sikukuu ilihamia nyumbani hatua kwa hatua kati ya karne ya 16 na ya 19, hasa katika nchi za Ulaya ya kati zilizozungumza Kijerumani, na kutoka huko ikafika Uingereza, Marekani na popote wamisionari na wafanyabiashara walipotia mguu. Masimulizi ya kawaida kuhusu uenezi huo huwataja zaidi wafalme na malkia, lakini anayefuatilia mapambo hayo hadi yalikotoka hukuta mara nyingi mikono ya watu wa hali ya chini: mafundi wa kioo wa milimani, wachimbaji wa madini waliopoteza kazi, watoto fukara wa mjini na wanafunzi wa bweni walioishi mbali na wazazi wao. Ni kwa mikono hiyo kwamba nyumba za wenye nafasi zilipata kung'aa.

Mti wenyewe unajitokeza katika kumbukumbu za maandishi mwanzoni mwa karne ya 16. Daftari la hesabu la mji wa Sélestat, katika jimbo la Alsace ambalo leo liko Ufaransa, linaonyesha kwamba mwaka 1521 walinzi wa msitu walilipwa ili kulinda misonobari isikatwe ovyo kabla ya Krismasi, jambo linalothibitisha kwamba tayari watu waliitaka kwa wingi. Katika mji wa Bremen, mwaka 1570, chama cha mafundi kilisimamisha mti katika jumba lake, kikautundika matofaa, karanga na maua ya karatasi, na watoto wa wanachama wakaruhusiwa kuutikisa na kuokota vilivyoanguka. Maelezo ya kwanza yaliyo wazi ya mti ulio ndani ya nyumba za watu yanatoka Strasbourg, ambako msafiri mmoja aliandika mwaka 1605 kwamba wenyeji waliweka misonobari vyumbani mwao, wakaipamba kwa waridi za karatasi za rangi nyingi, matofaa, kaki nyembamba, vipande vya bati la dhahabu na sukari. Mishumaa haikutajwa. Matofaa hayo yalikuwa na maana yake, kwa kuwa tarehe 24 Desemba ilikuwa pia siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa, na katika maigizo ya kidini yaliyochezwa siku hiyo mti wa bustani ya Edeni ulionyeshwa kwa msonobari uliotundikwa matunda.

Hadithi maarufu isemayo kwamba Martin Luther ndiye aliyewasha mishumaa ya kwanza juu ya mti, baada ya kuona nyota zikimetameta kati ya matawi usiku, haina ushahidi wowote katika maandishi yake wala ya watu wa zama zake. Ilipata nguvu katika karne ya 19, hasa pale mchoraji Carl August Schwerdgeburth alipotoa, mwaka 1843, picha ya Luther akiwa na familia yake mbele ya mti unaowaka, na Waprotestanti wa Ujerumani walifurahi kuiona desturi waliyoipenda ikipewa baba mwenye jina kubwa. Kwa kweli mchango wa Luther ulikuwa mwingine, tena mkubwa zaidi. Yeye na wafuasi wake hawakupendezwa na heshima waliyopewa watakatifu, kwa hiyo zawadi ambazo watoto walizoea kupewa siku ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba, zilisogezwa polepole hadi Krismasi, na watoto wakafundishwa kwamba mwenye kuleta zawadi ni Mtoto Kristo. Badiliko hilo liliifanya jioni ya tarehe 24 kuwa saa ya familia. Si viongozi wote wa kanisa waliofurahia matokeo yake: katikati ya karne ya 17 mwanateolojia Johann Konrad Dannhauer wa Strasbourg alilalamika kwamba mti uliotundikwa wanasesere na peremende ulikuwa upuuzi uliowavuta watu mbali na Neno la Mungu.

Wakatoliki kwa muda mrefu waliuona mti kuwa alama ya Waprotestanti, na pambo lao lilikuwa pango la Krismasi, yaani sanamu ndogo za Mtoto Yesu, Maria, Yosefu, wachungaji na mifugo zilizopangwa kama zizi la Bethlehemu. Mapango hayo yalijaa makanisani hadi Mfalme Joseph II wa Austria, katika miaka ya 1780, alipoyapiga marufuku kwa kuwa aliona yanapingana na dini ya akili aliyotaka kuijenga. Wananchi hawakuyatupa, bali waliyahamishia nyumbani, wakaanza kuyachonga wenyewe, na amri iliyokusudiwa kuyamaliza ikawa ndiyo iliyoyasambaza vijijini.

Mishumaa juu ya mti ilianza kwa wakubwa, na sababu ni gharama, kwa kuwa nta ya nyuki ilikuwa ghali na mishumaa ya shahamu ilitoa moshi na harufu mbaya. Liselotte wa Pfalz, binti wa kifalme wa Kijerumani aliyeolewa katika ukoo wa kifalme wa Ufaransa, aliandika katika barua ya mwaka 1708 kuhusu utoto wake, jinsi vijiti vya kijani vilivyowekwa juu ya meza vilivyofungwa mshumaa mmoja kwenye kila tawi. Mti wenye mishumaa ukaingia katika nyumba za makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo pale tu mishumaa ya stearini, inayotokana na mafuta yaliyosafishwa, na baadaye ya parafini, ilipoanza kutengenezwa viwandani katika karne ya 19 kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Hapo ndipo utaratibu wa jioni ya tarehe 24 ulipokamilika: mlango wa sebule ulifungwa tangu asubuhi, wazazi walipamba mti kwa siri na kupanga zawadi chini yake, giza lilipoingia waliwasha mishumaa, kengele ndogo ikalia, na watoto waliokuwa wakingoja ukumbini wakaingia. Vyakula vilivyotundikwa mtini vilikaa hadi sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, ndipo watoto waliporuhusiwa kuupora mti na kula walichokipata.

Kadiri mti ulivyoenea ndivyo haja ya mapambo yasiyooza ilivyokua, na hapa inaanza sehemu ya historia hii inayostahili kuangaliwa kwa karibu kuliko nyingine zote. Lauscha ni mji mdogo katika milima ya Thuringia, ulioanzishwa mwaka 1597 na mafundi wawili wa kioo, Hans Greiner na Christoph Müller, waliochagua bonde hilo kwa sababu lilikuwa na kuni, mchanga na maji. Wazawa wao walitengeneza bilauri, shanga na macho ya wanasesere. Daftari la maagizo la mwaka 1848 ndilo linalotaja kwa mara ya kwanza mipira ya kioo ya kutundika kwenye mti wa Krismasi, na wenyeji husimulia kwamba aliyatangulia maagizo hayo fundi mmoja maskini, aliyeshindwa kununua matofaa na karanga za kupamba mti wa wanawe, akazipuliza kwa kioo. Iwe kweli au la, hadithi hiyo inaeleza vizuri hali ya mji ule.

Mwanzoni mipira ilikuwa mizito, kwa kuwa mwali wa taa ya mafuta haukuwa na joto la kutosha. Mwaka 1867 mji ulipata kiwanda cha gesi, na mwali wake mkali usioyumba ukawawezesha mafundi kupuliza kioo chembamba sana. Kazi yote ilifanyika nyumbani, katika chumba kilekile ambamo familia ilipika na kulala. Baba aliketi mezani mbele ya mwali, akalizungusha bomba la kioo hadi lilainike, kisha akalipuliza, ama hewani ili litoke duara, ama ndani ya kalibu ili litoke umbo la ndege, tofaa au koni ya msonobari. Mama alimimina ndani ya kila pambo kiasi kidogo cha maji yenye nitrati ya fedha, akalitikisa katika maji ya moto mpaka ukuta wa ndani ukang'aa kama kioo cha kujitazamia, na baada ya kukauka alilichovya katika rangi na kulisimika kwenye misumari ya ubao uliokaa juu ya jiko. Watoto, waliporudi kutoka shuleni, walikata shingo za mapambo, wakatia vifuniko vya bati na kuyapanga katika maboksi. Wanawake ndio waliobeba makapu makubwa mgongoni hadi Sonneberg, mji wa wafanyabiashara wa jumla, ambako bei ilipangwa na mnunuzi na si na aliyetengeneza.

Mnamo mwaka 1880 Frank Winfield Woolworth, mwenye duka la bidhaa za bei rahisi katika mji wa Lancaster, Pennsylvania, alikubali kwa shingo upande kuchukua mapambo ya dola 25 tu, na yaliisha kwa siku chache. Muongo mmoja baadaye alikuwa akisafiri mwenyewe kwenda Ujerumani kuagiza mzigo, na utajiri wake ulijengwa kwa sehemu juu ya biashara hiyo, huko Lauscha familia zikifanya kazi hadi usiku wa manane katika miezi ya kabla ya Krismasi. Haifai kuisimulia fahari ya mti wa Krismasi wa karne ya 19 bila kuzitaja familia hizo, wala bila kusema waziwazi kwamba pambo lililomfurahisha mtoto wa London au New York lilipitia mikononi mwa mtoto mwenzake aliyelifanyia kazi.

Hali ilifanana na hiyo katika milima ya madini ya Saxony, mpakani na Bohemia. Wachimbaji wa huko, wakati wa baridi, waliingia chini ya ardhi kabla ya jua kuchomoza na kutoka baada ya kuchwa, na mwanga ukawa na thamani kwao kuliko kwa watu wengine. Ndiyo maana mapambo yao mengi ya Krismasi ni vishikio vya mishumaa. Desturi ilikuwa kuweka dirishani sanamu ya malaika kwa kila binti wa nyumba na ya mchimbaji kwa kila mwana, kila moja ikiwa na taa mikononi, hata mpita njia aliweza kuhesabu watoto wa nyumba kwa kutazama dirisha. Katika kijiji cha Seiffen uchimbaji wa bati ulikoma mwaka 1849, lakini muda mrefu kabla ya hapo watu walikuwa wameshageukia kukereza mbao kwa mashine zilizoendeshwa na maji. Mafundi wake walivumbua mbinu ya ajabu: gogo bichi lilikerezwa likawa pete yenye mifereji na migongo isiyoeleweka kwa macho, na pete hiyo ilipopasuliwa vipande, kila kipande kikawa ng'ombe, farasi au kondoo mwenye kichwa, miguu na mkia, tayari kwa pango la Krismasi au safina ya Nuhu.

Shada la Majilio, yaani mzunguko wa matawi wenye mishumaa minne inayowashwa mmoja baada ya mwingine katika Jumapili nne za kuingojea Krismasi, nalo lilizaliwa katika umaskini. Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri, alifungua mwaka 1833 karibu na Hamburg makao ya watoto waliotelekezwa, na mwaka 1839, ili kuwasaidia watoto hao kuhesabu siku zilizobaki, alichukua gurudumu la mkokoteni na kuliwekea mishumaa midogo myekundu 20 kwa siku za juma na mikubwa myeupe 4 kwa Jumapili. Matawi ya kijani yaliongezwa baadaye, na familia, kwa kukosa nafasi ya gurudumu zima sebuleni, zikabakiza mishumaa ya Jumapili peke yake. Hilo ndilo shada linaloonekana leo katika parokia na sharika nyingi za Tanzania kila Desemba inapokaribia.

Nyota ya Herrnhut ndiyo pambo lenye uhusiano wa karibu zaidi na Afrika Mashariki, kwa sababu Kanisa lililoibuni, la Wamoraviani, ndilo lililopeleka wamisionari Rungwe, katika Tanzania ya leo, mwaka 1891. Herrnhut ni mji mdogo uliojengwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia katika shamba la kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Katika shule ya bweni ya Wamoraviani mjini Niesky, wavulana walifundishwa jiometria kwa kukunja na kugundisha karatasi, na Januari 1821, shule ilipoadhimisha miaka 50, nyota yenye ncha 110 ilitundikwa ikiwa na taa ndani yake. Baadhi ya wanafunzi wa shule za Wamoraviani walikuwa watoto wa wamisionari, waliokaa miaka mingi bila kuwaona wazazi, na kutengeneza nyota Jumapili ya kwanza ya Majilio kukawa sehemu ya maisha yao ya bweni, kisha ya nyumba zao walipokuwa watu wazima. Mwishoni mwa karne ya 19 Pieter Hendrik Verbeek, mwenye duka la vitabu Herrnhut, alianza kuuza nyota inayoweza kufunguliwa na kuungwa upya, na umbo lililozoeleka hadi leo lina ncha 25, yaani 17 zenye kitako cha pembe nne na 8 zenye kitako cha pembe tatu, huku upande wa 26 ukiachwa wazi kwa ajili ya taa.

Tanzania leo ndiyo nchi yenye Wamoraviani wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Ripoti za misheni kwa kawaida huhesabu waliobatizwa na shule zilizojengwa. Sebule za waumini, na jinsi zilivyopambwa kwa Krismasi, hazipewi nafasi kubwa. Kwa hiyo wanahistoria wa nchini, pamoja na walimu na wachungaji wa Rungwe, Tabora, Machame na Mlalo, wana kazi ya kuwauliza wazee waliobaki ni matawi gani yaliyokatwa, nani aliyeyafunga milangoni, watoto walipewa nini na nyumba ilinukia chakula gani siku ya Krismasi, na kuyaandika majibu yao wangali hai.