Prosesa au Diski? Historia Fupi Kabla Sijatoa Pesa

Nina pesa kidogo ya ziada na uamuzi mmoja wa kufanya. Laptopu mpya nimeshaichagua. Kilichobaki ni swali ambalo muuzaji ananiuliza kila nikimpigia simu: pesa hiyo ya ziada niiweke kwenye prosesa, nitoke Core i5 niende i7? Au niiweke kwenye diski, nitoke SSD ya GB 256 niende ya GB 1,000? Yote mawili mfuko haukubali.

Marafiki zangu wa Dar wanajibu kabla sijamaliza kuuliza: prosesa! Lakini kazi yangu mimi iko Kasulu na Kibondo, kule juu mkoani Kigoma, na kule swali hili lina historia yake. Tena historia yenyewe inaanzia mbali kidogo, Wizara ya Fedha. Twende taratibu.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965 pale Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ingawa kwa undani ilikuwa mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina jingine. (Mchezo wa kubandika majina haukuanza Kariakoo!) Modeli hiyo, hata ukinunua kumbukumbu kubwa kuliko zote, ilibeba herufi 40,000 tu. Picha moja ya simu yako leo haiingii humo.

Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Unajua kilichofuata? Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Televisheni nazo zikaingia kwenye marufuku hiyo. Watu wa rika letu tukisikia hivyo tunacheka, tunasema wazee waliogopa teknolojia. Mimi sicheki sana. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, na kazi ya kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikuwa imekwenda mrama. Mashine ilikuja kwanza. Wataalamu wa kuiendesha wakawa wa kuazima kutoka nje. Yaani tulinunua kasi ya kuhesabu kabla hatujajiuliza nani atatunza hesabu zenyewe, na vipi. Marufuku ililegezwa polepole miaka ya 1980, wakati wenzetu wameshaanza kuweka kompyuta ndogo juu ya meza.

Sasa tuje Kasulu na Kibondo. Huku historia ya kompyuta haiwezi kutenganishwa na historia ya wakimbizi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa makundi makubwa. Mwaka 1996, vita ilipowaka Zaire, Wakongo nao wakaja, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Mashirika yakafungua ofisi katika miji hii midogo, yakaja na jenereta zao, redio zao na kompyuta zao. Kazi kubwa ya kompyuta hizo ilikuwa nini? Orodha. Majina ya watu, ukubwa wa familia, mahali walikotoka, nani ale mgao gani. Jina likipotea, mgao wa chakula unapotea.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza wa kompyuta hapa ulikuwa kutunza majina ya watu. Ukiniuliza mimi, hadi leo kazi haijabadilika sana.

Halafu kuna umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilikuwa nje ya gridi ya taifa, mji unategemea jenereta za dizeli. Dizeli ikichelewa, giza. Gridi ilifika mwaka 2022, na hali imekuwa nzuri zaidi mjini. Lakini mwandishi hafanyi kazi mjini tu. Ukienda vijijini au makambini unabeba chaji uliyotoka nayo asubuhi.

Hapo ndipo prosesa inapoingia kwenye hesabu. Laptopu nyepesi nyingi za miaka ya karibuni zina prosesa za Intel za kundi la U, ambazo kiwango chake cha kawaida ni wati 15. Zile za kundi la H, za wacheza gemu na wahariri wa video, ni wati 45. Chukua betri ya Wh 50. Mashine nzima ikila wastani wa wati 10, unafanya kazi saa tano. Ikila wati 25, ni saa mbili, kwaheri. Na i7 ya kundi la U mara nyingi inaizidi i5 ya kizazi hicho hicho kwa kiasi kidogo tu. Kuandika habari, kusikiliza sauti, kupunguza picha: i5 inatosha na chenji inabaki.

Diski je? Kwa miaka mingi laptopu zilitumia diski za kuzunguka, kitu ambacho IBM ilikianzisha mwaka 1956 kwa mashine ya sahani 50 iliyobeba herufi milioni tano. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachoelea karibu mno na sahani. Sasa iweke kwenye basi, kwenye barabara ya Kasulu hadi Kibondo enzi za vumbi na mashimo, uniambie. SSD haina kinachozunguka, haiogopi mtikisiko na inakula umeme kidogo. Hilo halina mjadala.

Swali ni ukubwa. Sauti ya ubora wa CD inakula takriban MB 10 kwa dakika, yaani karibu MB 600 kwa saa. Mahojiano ya saa mia moja ni zaidi ya GB 60. Ongeza picha, ongeza video, ongeza mfumo wenyewe wa kompyuta, GB 256 inajaa kabla mwaka haujaisha. Na ikijaa unafanya nini? Unaanza kufuta.

Hapo ndipo roho yangu inapokataa. Tangu mwaka 2017 maelfu ya Warundi wamerudishwa kwao. Mama aliyenisimulia safari yake akiwa Nduta, sijui kama nitamwona tena. Alisimulia mara moja. Prosesa ikiwa pole, nitasubiri sekunde kumi. Sauti ile ikifutwa, hakuna duka la kuinunua.

Marafiki zangu wana hoja moja nzito, nisiifiche. Wanasema: prosesa ya laptopu za leo imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuibadilisha, diski unaweza kuibadilisha baadaye. Ni kweli, ingawa si kwa kila modeli, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipa. Lakini hiyo "baadaye" ya Dar ni kuvuka barabara. "Baadaye" ya Kibondo ni kuagiza, kusubiri, na kumkabidhi fundi mashine yenye siri za watu. Afadhali nianze na nafasi.

Basi nimeamua: i5 ya kundi la U, SSD ya GB 1,000. Chenji itakayobaki naweka kwenye diski ya nje, kwa sababu SSD nayo ikifa huwa inakufa ghafla, bila kukohoa, na kurudisha vilivyokuwemo ni kazi kubwa. Nakala ya pili itakaa nyumba nyingine, siyo begi lile lile. Kesho asubuhi nampigia muuzaji.