Mlango wa gereji: mashine iliyohama kutoka darini hadi ukutani

Leo tuweke tarakilishi kando kidogo. Watu wanaojenga nyumba wameniuliza swali hili mara kadhaa, nadhani kwa sababu wanaamini kwamba mtu anayeandika programu lazima ajue kila kitu chenye rimoti: ni mashine gani ya kufungua mlango wa gereji isiyokula nafasi?

Kwanza tuelewane. Kwetu ukisema gereji mtu anafikiria fundi, grisi na gari lililoinuliwa kwa jeki. Hapa nazungumzia chumba cha kuegesha gari nyumbani. Na chumba hicho hakikai na gari peke yake! Kuna baiskeli za watoto, magunia, ngazi, makopo ya rangi, na mara nyingi rafu zilizotundikwa juu. Ndiyo maana ile mota inayoning'inia katikati ya dari, pamoja na reli yake ndefu ya takriban mita tatu, huonekana kero.

Jibu fupi lipo. Kuna mota inayofungwa ukutani, kando ya mlango, na dari linabaki wazi. Lakini ukichagua kwa kuangalia nafasi tu, umeona nusu ya jambo. Mashine hii ina historia ya karibu miaka mia moja, na katika historia hiyo kila kitu kilipopunguzwa, kazi yake haikuisha. Ilihamishiwa mahali pengine. Hebu tufuatane.

Uzito ulihamia kwenye springi

Magari yalipoanza kuenea Marekani, hasa baada ya Ford Model T kutoka mwaka 1908, yaliwekwa kwenye mabanda yenye milango ya mbao iliyofunguka kwa nje kama ya zizi. Mlango wa namna hiyo unadai nafasi mbele yake, na theluji ikirundikana haufunguki. Mwaka 1921 C. G. Johnson alibuni mlango wa vipande vilivyounganishwa kwa bawaba, unaopanda juu na kulala chini ya dari. Mwaka 1926 akaongeza mota ya umeme, hasa kwa wale ambao mlango uliwashinda kuinua.

Siri ya mlango huo si mota. Mlango wa chuma wa magari mawili unaweza kufika kilo 70 na zaidi, lakini anayebeba uzito huo ni springi. Katika milango mingi springi hukaa kwenye mhimili mrefu juu ya mlango: mlango ukishuka inajisokota, ukipanda inajisokotoa na kurudisha nguvu iliyokuwa imeweka akiba. Mota inasukuma kidogo tu. Ndiyo sababu mota ndogo ya nusu nguvu ya farasi inatosha.

Sasa utaelewa mashine ya ukutani. Haina reli wala cheni. Imeshika ncha ya ule mhimili wa springi na kuuzungusha moja kwa moja. Ni wazo zuri sana, lakini lina masharti. Lazima mlango wako uwe na mhimili wa namna hiyo. Kama una springi ndefu za kuvutika pembeni, kwa kawaida haitafaa. Lazima pia uwe na nafasi ukutani kando ya mlango. Na kwa kuwa hakuna mkono unaoushikilia mlango, mashine nzuri huja na komeo la umeme na kifaa cha kugundua waya uliolegea. Springi ikichoka, waya hulegea na kutoka kwenye magurudumu yake, na mlango ukaenda mrama.

Kumbuka pia kwamba reli za mlango wenyewe hubaki pale pale juu. Ukitaka hata hizo ziondoke, tafuta mlango wa kujikunja kama shata za maduka yetu. Huko Australia kampuni ya B&D ilileta mlango wa nyumbani wa namna hiyo mwaka 1956.

Macho yalihamia kwenye miale

Zamani aliyefungua mlango alikuwa amesimama hapo hapo akiutazama. Rimoti ilipokuja, mtu akafunga akiwa ndani ya gari, pengine ameshageuza uso. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Katika miaka ya 1980 makumi ya watoto Marekani walikufa baada ya kubanwa na milango inayojifunga. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, na mashine zote za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 zikatakiwa kuwa na kinga ya ziada. Kinga iliyozoeleka ni macho mawili yanayorushiana miale karibu na sakafu, yasiyozidi sentimita 15 kwenda juu. Kitu kikikatiza miale, mlango unarudi juu.

Kwa hiyo ukiona mashine ya bei ya chini isiyo na macho hayo, usidanganyike. Haijapunguza gharama, imepunguza mtoto wako. Na fundi akikuambia ayafunge juu "yasisumbue", mkatalie. Mtoto hutambaa chini.

Uaminifu ulihamia kwenye msimbo

Hapa ndipo mimi kama mwandika programu nasisimka. Rimoti za mwanzo zilituma mawimbi tu, bila siri yoyote, na ya jirani ingeweza kufungua kwako. Kisha zikaja swichi ndogo ndani ya rimoti: swichi 8 zinatoa misimbo 256, swichi 12 zinatoa 4096. Inaonekana mingi, sivyo?

Mwaka 2015 mtafiti Samy Kamkar alionyesha kwamba misimbo yote ya mashine za namna hiyo inaweza kujaribiwa kwa chini ya sekunde 10, akitumia kichezeo cha watoto cha kampuni ya Mattel. Mashine nyingi hazijui msimbo unaanzia wapi. Zinasoma tu tarakimu zinavyopita. Chukua misimbo ya tarakimu mbili: 00, 01, 11, 10. Ukiituma mmoja mmoja ni tarakimu 8. Lakini ukituma 00110, tarakimu 5 tu, yote minne imo ndani! Hesabu hiyo inaitwa kwa jina la Mholanzi de Bruijn, aliyeiandika mwaka 1946.

Dawa yake ni msimbo unaobadilika kila unapobonyeza. Na hapa Waafrika tuna la kusema, kwani mojawapo ya mbinu zilizoenea zaidi duniani, KeeLoq, ilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1980 na kununuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995. Ilitumika kwenye magari, mageti na gereji. Hata hiyo ilipata pigo mwaka 2008, watafiti wa Bochum, Ujerumani, walipopata ufunguo mkuu wa mtengenezaji kwa kupima umeme unaotumiwa na chipu. Hata hivyo kazi hiyo ilihitaji utaalamu na vifaa vya maabara. Ya swichi ilihitaji kichezeo.

Basi uchague vipi?

Kwanza, achanisha mlango na mota, uuinue kwa mkono hadi katikati na uuachilie taratibu. Ukitulia hapo, springi ni sawa. Ukianguka au kupaa, tengeneza springi kabla ya kununua chochote, na usiiguse mwenyewe, maana ile nguvu iliyojisokota inavunja mkono. Pili, dai macho ya miale. Tatu, uliza kama msimbo unabadilika. Ukiona swichi ndogo ndani ya rimoti, jibu umepata. Nne, kwa sababu stima yetu twaijua, hakikisha kuna betri ya akiba au kamba ya kuachanisha mota kwa mkono, na uwaonyeshe watu wote wa nyumbani.

Mashine ya ukutani ikipita hapo, inunue bila wasiwasi na utundike rafu zako. Alamsiki.