Kwa Nini Mamangu Anaogopa Kukonda

Mwezi uliopita daktari alimwambia mamangu aanze sindano ya kupunguza uzito. Mamangu ana miaka 51, kilo 104, presha ya miaka sita na sukari iliyogunduliwa mwaka jana. Karatasi ya dawa iko juu ya friji, chini ya kopo la majani ya chai, na mpaka leo haijafika duka la dawa. Nilipomuuliza shida ni nini nilidhani atataja bei. Akaniambia, "Nikikonda, hapa Muyeye watasema nini?"

Nilicheka. Nilikosea kucheka, kwa sababu hilo swali lina zaidi ya miaka mia moja.

Sisi wa TikTok tunaongea kama vile unene siku zote ulikuwa aibu. Huku kwetu haikuwa hivyo. Kabla ya wazungu kuweka bendera, Malindi ilikuwa mji wa nafaka: mtama, mahindi na ufuta, vikilimwa na watumwa kwenye mashamba makubwa na kupakiwa majahazini. Bara kidogo, Wagiriama nao walilima na kuuza. Halafu mvua ikakataa. Njaa ya 1884 Wamijikenda waliipa jina, Mwakisenge, na ilikuwa kali hivi kwamba kuna familia zilizoweka watoto rehani kwa matajiri wa pwani ili zipate chakula. Wako ambao hawakurudi tena. Hebu fikiria hesabu hiyo, mtoto kwa kipimo cha mtama. Mwisho wa miaka ya 1890 njaa nyingine ikaja. Na 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha watu wasiwatumikie Waingereza, serikali ilichoma nyumba za Wagiriama, ikawatoza faini na kuwafukuza kwenye ardhi nzuri ya kaskazini ya mto Sabaki.

Sasa, ukiishi mahali kama hapo, mwili wenye nyama unakuambia nini? Unakuambia huyu nyumbani kwao wanakula, na ukame ukija hatakuwa wa kwanza kuondoka. Ndiyo maana hando la Kigiriama lina marinda mengi hivyo: likikaa kiunoni, nyonga zinaonekana pana. Na upande wa Waswahili, mwari aliwekwa ndani kabla ya harusi, akasingwa liwa, akalishwa, atoke amenawiri. Nyanya akikuangalia shavu na kusema "umenawiri" hakutukani, jamani. Anashukuru Mungu.

Halafu ukaja UKIMWI. Hii sehemu wengi wetu hatukuiona, tulizaliwa mwishomwisho, lakini mamangu aliiona yote. Mwaka 1985 madaktari waliandika kuhusu ugonjwa mpya kule Rakai, Uganda, ambao wenyeji walikuwa tayari wameupa jina: Slim. Yaani jina la ugonjwa lilikuwa ni kukonda. Kenya mgonjwa wa kwanza alijulikana 1984, na ilipofika 1999 Rais Moi akatangaza janga la kitaifa. Dawa za kurefusha maisha zilikuwepo Ulaya na Marekani, lakini huku bei yake ilikuwa ya watu wengine. Kwa hiyo jirani akianza kuvaa mkanda tundu la ndani, mtaa mzima ulipiga hesabu. Mamangu alimzika dadake wakati huo. Alimwona akipungua wiki kwa wiki, na watu wakiacha kuja kunywa chai.

Mtu kama huyo ukimwambia "mama, utapungua kilo kumi, utapendeza," hasikii kitu kimoja na wewe.

Kuna historia ya tatu, na hii ni ya dawa zenyewe. Mnaosema wazee wanaogopa dawa kwa ushamba, ngojeni kidogo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wafanyakazi wa viwanda vya baruti Ufaransa walianza kukonda ovyo na wengine kufa, kwa sababu ya kemikali inayoitwa DNP. Mwaka 1933 madaktari wa Stanford, Marekani, wakaitangaza kuwa dawa ya unene. Watu wengi wakaimeza, wengine wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa, na 1938 ikapigwa marufuku. Miaka ya 1990 Wamarekani wakapenda mchanganyiko wa fen-phen. 1997 fenfluramine ikaondolewa sokoni kwa kuharibu vali za moyo. Sibutramine ikafuata 2010, ingawa hiyo haijafa kabisa. Maabara za nchi mbalimbali zimeikuta mara nyingi ndani ya "chai asilia" za kupunguza tumbo. Unayeagiza ile chai kwa inboksi, nakuona.

Hii sindano ya sasa, semaglutide, ilitoka njia tofauti. Ilianzia kwenye sukari, ikaruhusiwa Marekani 2017 kwa jina la Ozempic, na 2021 kwa uzito kwa jina la Wegovy. Inaiga homoni ya utumbo: chakula kinakaa tumboni zaidi, ubongo unaambiwa umeshiba, kongosho linatoa insulini sukari ikipanda. Katika jaribio la watu 1,961 wasio na kisukari, waliochomwa kwa wiki 68 walipungua karibu asilimia 15 ya uzito. Wenye kisukari, kama mamangu, hupungua kidogo kuliko hapo. Kichefuchefu na kutapika ni kawaida mwanzoni. Na walioacha walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Hapo ndipo mimi nakwama, kwa sababu bei ya mwezi mmoja tuliyoulizia inazidi kodi yetu ya nyumba.

Bado naona aianze, kama tutaweza kuilipia bila kuikatiza. Sukari na presha haziangalii nani alikuwa na njaa 1884. Utafiti wa taifa wa 2015 ulikuta asilimia 38.5 ya wanawake wa Kenya wana uzito uliozidi, na huyu wa kwangu ni mmoja wao, mwenye magoti yanayomuuma akipanda ngazi za sokoni. Daktari amempima damu, akamuuliza kuhusu saratani ya tezi ya shingo kwenye ukoo. Hilo ni tofauti na wewe mwenye miaka 19, mzima, unayetafuta kalamu ya sindano kwa mtu asiye na duka ili gauni likukae. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu semaglutide feki zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zilipenya huko, hapa je? Na ukipanga mimba, dawa hii inaachwa miezi miwili kabla. Muuzaji wa inboksi alikwambia?

Jumamosi tunarudi kwa daktari pamoja. Nimemwandikia maswali matatu kwenye karatasi: je, kuna dawa ya bei nafuu ya kuanzia, atachomwa kwa muda gani, na misuli yake itakuwaje akila kidogo. Jana usiku nimekuta ameongeza la nne, kwa ule mwandiko wake wa kulala: "Nikipungua, watu niwaambie nini?"