Mikwaruzo na Matini: Kuhusu Historia ya Madaraja ya Santuri

Sisi wahakiki wa fasihi simulizi tumezoea kuichukulia santuri kuwa chombo tu: wimbo ukishanukuliwa karatasini, sahani yenyewe huachiwa vumbi. Wafanyabiashara wa santuri kuukuu hufanya kinyume. Wao huikagua sahani chini ya taa, wakaipa daraja na bei, aghalabu bila kuisikiliza. Makala haya yanadai kwamba madaraja hayo yameanza kuamua ni matini zipi za Kiswahili zitakazodumu, na kwa hivyo yanastahili kuhakikiwa kama yanavyohakikiwa maamuzi ya wahariri.

Mfumo huu una ndugu yake katika biashara ya vitabu. Mnamo 1949 jarida la Marekani la wauzaji wa vitabu vya kale, AB, lilipendekeza istilahi za kuelezea hali ya kitabu. Wakati huohuo vinili ilikuwa inaingia sokoni: Columbia ilitoa sahani ya mizunguko 33⅓ mwaka 1948, nayo RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45 mwaka uliofuata. Wakusanyaji wa santuri walipoongezeka, jarida la Goldmine, lililoanzishwa 1974, lilieneza ngazi inayotumika hadi leo, na ambayo soko la Discogs limeifuata. Juu kabisa ipo sahani mpya, kisha iliyo karibu na upya. Hufuata nzuri sana yenye nyongeza, nzuri sana, nzuri, na hatimaye zile mbovu.

Mwanafunzi wa semantiki atapata burudani hapa, kwani katika lugha hii "nzuri" maana yake ni mbaya. Bei ya sahani iliyo karibu na upya ikichukuliwa kuwa kipimo, "nzuri sana" hupata takriban asilimia 25 yake, na "nzuri" asilimia 10 hadi 15 tu. Tafsida ya mchuuzi imeshinda ya mshairi!

Tuutazame sasa mfumo huu katika mazingira yetu. Siti binti Saad na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, nyimbo zao zilitiwa katika sahani za shelaki, zilizovunjika zikianguka na kuchezwa kwa sindano ya chuma iliyotakiwa kubadilishwa kila upande. Baadaye zikaja sahani ndogo za vinili, mathalani zile za lebo ya Mzuri iliyomilikiwa na Assanand wa Mombasa, zilizobeba taarabu ya pwani. Nyingi za sahani za aina hii ziliuzwa katika bahasha za karatasi zisizo na maneno ya wimbo. Ushairi wake ulikaa katika mifuo ya sahani, na usipokuwamo katika kumbukumbu za watu hauna makao mengine.

Sahani hizo zilichezwa mikahawani, baa na majumbani, mara nyingi kwa mashine zenye mkono mzito. Wimbo uliopendwa ulichakaa. Ule uliobaki safi yamkini haukupata wasikilizaji. Ikiwa hivyo ndivyo, daraja la mchuuzi hupima, bila yeye kukusudia, umbali kati ya sahani na hadhira yake. Ushahidi kwamba fanani alisikilizwa ndio huohuo unaoishusha bei ya kazi yake.

Hatusemi kwamba mikwaruzo ni pambo. Sindano ikiruka, humeza silabi. Na katika wimbo wa mizani nane kwa nane, silabi mbili zikipotea ubeti umevunjika na huenda kina kimekwenda nazo. Ndiyo sababu wahariri wa mikusanyo hupendelea sahani safi pale ambapo tepu asilia hazipo. Mkusanyo wa John Storm Roberts, Songs the Swahili Sing, uliotolewa mwaka 1983, uliwafikishia wasikilizaji wa mbali nyimbo za pwani ya Kenya, na tunapaswa kuushukuru. Hata hivyo, mkusanyo wowote wa aina hii ukitegemea hali ya sahani, uteuzi wake huwa umeanza kufanywa na sindano kabla ya mhariri.

Uhakiki wa miswada unatupa njia nyingine. Mkwaruzo ni wa nakala moja. Nakala tatu zilizochakaa katika nyumba tatu hazitaharibika mahali pamoja. Zikilinganishwa, silabi iliyomezwa katika moja husikika katika nyingine, kama vile neno lililoliwa na mchwa katika mswada mmoja wa utenzi linavyopatikana katika mwingine. Kasoro inayosikika katika nakala zote, kwa upande mwingine, haikuletwa na msikilizaji: imetoka kiwandani au katika tepu. Namba iliyochorwa karibu na lebo hutusaidia zaidi, kwa kuwa huonyesha kama nakala hizo zinatokana na bamba moja la kiwandani, jambo ambalo mchuuzi hulitaja ili apandishe bei, nasi tungelitumia kupanga nasaba ya matini.

Kwa hesabu ya wachuuzi wenyewe, nakala tatu za daraja la "nzuri" hazifikii nusu ya bei ya moja iliyo karibu na upya. Idara ya Kiswahili yenye fungu dogo la maktaba inaweza kuzimudu, mradi anayetumwa kununua asiogope sahani inayokwaruza.