Uta na Mishale Yake: Sura Moja ya Historia ya Waluba

Neno uta limo katika Kiswahili tangu kale, ingawa siku hizi limesukumwa pembeni na upinde, jina lililozaliwa na kitenzi kupinda. Huku Kamina neno hilo halihitaji kamusi. Kiluba kinalo pia, nalo limehifadhiwa ndani ya cheo cha jadi cha baraza la mfalme: Kyabuta, mwanamke aliyemfuata mtawala katika sherehe akiwa ameukumbatia uta wa kawaida kifuani pake. Mwanaisimu atatambua mara moja kwamba lugha hizi mbili zimerithi mzizi mmoja wa Kibantu. Makala haya, hata hivyo, hayafuati njia ya mzizi huo. Yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya Waluba, kama ilivyozoeleka kuandikwa, imeutenga uta na mishale yake, na kwamba utengano huo umeficha elimu nzima.

Tuanze na ufalme. Masimulizi ya asili ya dola ya Waluba yanamtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, baba wa Kalala Ilunga aliyempindua Nkongolo. Kwa kuwa mwasisi alikuwa mwindaji, chombo cha mwindaji kikawa ishara ya utawala. Wafalme walitengenezewa viango vya kutundikia uta na mishale, vya mti na chuma, vyenye matawi matatu na mara nyingi sanamu ya mwanamke. Viango hivyo vilitunzwa katika nyumba maalumu pamoja na masalio ya watawala waliotangulia, wala havikuonyeshwa hadharani ovyo. Leo vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts walivieleza vizuri katika maonyesho ya sanaa ya Waluba yaliyofanyika New York mwaka 1996. Lakini mtazamaji wa makumbusho kwa kawaida hukikuta kiango kitupu ndani ya kioo, mithili ya kiti cha enzi kisicho na mtu. Anafundishwa maana ya sanamu. Hafundishwi chochote juu ya kile ambacho kiango kilibeba.

Je, kilibeba nini? Uta wa eneo letu ni wa ubao mmoja, tofauti na uta wa Waturuki uliogeuzwa ncha zake kuelekea mbele, ambao umbo lake limerithiwa na nyuta za mashindano ya leo. Tofauti hiyo ni kubwa kwa fundi, lakini kanuni ya kulinganisha uta na mshale ni ile ile. Mshale hauwezi kupita katikati ya uta, kwa kuwa pana kishikio, hupita ubavuni. Upote unapoachiliwa, unausukuma mshale kuelekea katikati, na wano, yaani uti wa mshale, hujikunja, likakizunguka kishikio, kisha likajinyoosha na kutikisika mpaka litulie hewani. Wataalamu wa Marekani walilithibitisha jambo hili kwa picha za kasi katika miaka ya 1930. Kwa mpiga uta wa mkono wa kulia, wano gumu kupita kiasi huenda kushoto ya shabaha. Lililo laini mno huenda kulia. Hivyo hakuna mshale mzuri peke yake. Kuna mshale unaoufaa uta fulani, ukivutwa kwa urefu fulani, na mtu fulani.

Hapo mambo huzidi kuingiliana. Ukiweka chembe kizito zaidi, wano lile lile hutenda kama laini zaidi. Ukilikata likawa fupi, hutenda kama gumu. Ukiusokota upote ukafupika, nafasi kati yake na kishikio huongezeka, na mshale huachana na upote mapema zaidi. Mhunzi anayefua chembe, na mkata mianzi au vijiti vya mawano, wanalazimika kuelewana hata kama hawajawahi kuketi pamoja. Watengenezaji wa mawano ya mti hupima ugumu kwa kuliweka wano juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 26, kutundika uzito wa ratili 2 katikati, na kusoma kiasi lilivyobonyea. Fundi asiye na mizani hulikunja kwa vidole, hulitazama kwa jicho moja, kisha hulipiga. Sioni sababu ya kuiita njia ya kwanza sayansi na ya pili mazoea tu.

Wapo watakaosema kwamba mshale wenye sumu hauhitaji uangalifu wote huo. Jibu liko kwa Wata wa nyika ya Tsavo, Kenya, wawindaji wa tembo. Walipaka mishale yao sumu ya mti wa jamii ya Acokanthera, na bado nyuta zao ziliweza kudai nguvu ya zaidi ya ratili 100 ili kuvutwa. Sumu huua baada ya chembe kupenya, na chembe hakipenyi mnyama ambaye mshale umemkosa.

Bunduki ziliufikia ufalme kwa njia ya biashara ya pwani. Verney Lovett Cameron alipofika kwa Kasongo Kalombo mwaka 1874, katika nchi ambayo wafanyabiashara waliiita Urua, alimkuta tayari Jumah Merikani, mfanyabiashara kutoka pwani. Pembe na watumwa vilitoka, bunduki na baruti zikaingia. Dola ya kikoloni nayo ilipokuja ilizidhibiti silaha za moto, na uta ukabaki mikononi mwa wanakijiji. Kuna kinaya hapa ambacho sipendi kukipita. Mwaka 1917 Wabelgiji walimkamata Kasongo Niembo. Miaka mitatu baadaye, mjini Antwerp, Mbelgiji Hubert Van Innis alikuwa akishinda medali za dhahabu za Olimpiki kwa uta na mishale. Kwao ulikuwa ustadi wa taifa. Kwetu uliandikwa kuwa dalili ya kubaki nyuma.

Mtazamo huo ulikuwa bado hai mwaka 1960. Katanga ilikuwa imejitenga, Waluba wa kaskazini waliipinga serikali ya Tshombe, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umeichukua Base ya Kamina kutoka kwa Wabelgiji. Tarehe 8 Novemba, karibu na Niemba, mbali kaskazini-mashariki ya Kamina, doria ya askari 11 wa Kiayalandi wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa na Waluba wengi wenye nyuta, mikuki na marungu. Askari 9 walikufa. Huenda walidhaniwa kuwa watu wa Tshombe. Hatusemi haya ili kuusifu ustadi uliowaua vijana waliotumwa kulinda amani. Tunasema kwamba habari zilizotaja “mishale” kana kwamba ni mawe yaliyookotwa njiani haziwezi kueleza kilichotokea katika kichaka kile, ambako umbali ulikuwa mfupi.

Orodha za msamiati tunazowapa wanafunzi wanapokwenda vijijini zina safu ya “uta” na safu ya “mshale”. Tunapendekeza mzee aombwe kwanza auweke mshale juu ya uta wake, kisha aeleze kwa nini amechagua huo na kuuacha ule mwingine ndani ya podo.