Mkanda wa paja na tiba ya kifundo kilichoteguka

KUTEGUKA kwa kifundo cha mguu ni jeraha la kawaida katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki. Njia ya Naro Moru, ipitayo kituo cha Met kilicho mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, hupanda mteremko wa kinamasi ambako mpagazi mwenye mzigo hukanyaga asipopaona. Mguu hupinduka kwa ndani, na kano za upande wa nje zikavutika au kukatika.

Uvimbe hupungua, lakini misuli ya shavu la mguu hunywea upesi inapokosa kazi. Ili kuirejeshea nguvu, kwa desturi huhitajika uzito wa takriban asilimia 70 ya ule ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja tu. Kifundo kibichi hakiuhimili.

Hapo ndipo mazoezi ya kubana damu yanapofaa. Mbinu hii ilianzishwa na Mjapani Yoshiaki Sato, ambaye mwaka 1973 aliitumia kujitibu baada ya kuumia kifundo akiteleza kwenye theluji. Mkanda wa hewa hufungwa juu ya paja, wala si kwenye kifundo. Hupunguza damu inayoingia mguuni na kuizuia zaidi ile inayorudi moyoni. Misuli, ikikosa oksijeni ya kutosha, huchoka haraka na kujengeka kwa uzito wa asilimia 20 hadi 30 tu. Kwa kawaida mgonjwa huinua visigino mara 30, kisha awamu tatu za mara 15, akipumzika nusu dakika baina yake.

Mbinu hii hujenga misuli. Haiungi kano, na haichukui nafasi ya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja.

Kamba au mpira wa baiskeli, vitu vipatikanavyo kila duka, havifai kamwe: mbano wake haupimiki. Mtaalamu hupima kwanza kiwango kinachosimamisha damu, kisha hutumia asilimia 40 hadi 80 yake. Aliyewahi kuganda damu mishipani, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye selimundu na mjamzito hawaruhusiwi bila idhini ya daktari.

Asiyeweza kupiga hatua nne baada ya kuumia apigwe eksirei kwanza. Mkanda ukileta ganzi au mguu ukibadilika rangi na kuwa mweupe, ufunguliwe papo hapo.