Safu ya Lugha: Mamlaka Kuu si Madaraka

Huandikwa mara nyingi kwamba serikali fulani "imepewa mamlaka kuu", usemi unaojipinga wenyewe, kwa kuwa mamlaka kuu, yaani haki ya mwisho ya kuamua ambayo juu yake hakuna pa kukata rufaa, hayapokelewi kutoka kwa mkubwa mwingine. Kinachokabidhiwa na kunyang'anywa ni madaraka. Wakenya walipata madaraka tarehe 1 Juni 1963, wakajiendeshea mambo ya ndani, lakini uhuru kamili ulisubiri hadi 12 Desemba. Mwambao wao una mfano mzito zaidi, kwani tangu 1895 ukanda wa maili 10 ulitawaliwa na Waingereza ilhali kisheria ulibaki milki ya Sultani wa Zanzibar, ambaye bendera yake nyekundu ilipepea Mombasa hadi mwaka huo wa 1963: enzi ilikuwa kwa mmoja, utawala kwa mwingine.

Enzi, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya nguvu na utukufu, ndilo lililomo ndani ya Mwenyezi, yaani mwenye enzi, na kwa muumini, Mwislamu au Mkristo, enzi ya mwanadamu yeyote ni ya kuazimwa. Katika siasa, Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 8, inawataja wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote. Kwa hiyo waandishi waache kuiita serikali mwenye mamlaka kuu. Serikali ina madaraka, na wenyewe ni wananchi.